Yoga kwa mahabusu: naifundisha ndani ya kuta hapa Dar, wenye maswali karibuni

Mwana Tandika

Wakuu habari za jioni. Kuna uzi humu watu walikuwa wanaicheka yoga eti ni mambo ya wazungu wa Masaki na wadada wa kupiga picha Coco Beach, nikasema ngoja nifungue wangu maana mimi hiyo yoga naifundisha kwa mahabusu na wafungwa, wanaume siku yao na wanawake siku yao. Gereza sitalitaja kwa hiyo msihangaike kuniuliza ni Keko, Segerea au Ukonga. Silipwi, naingia kwa kibali kama wanavyoingia watu wa kwaya na mashehe wa darsa. Mtu atakayeuliza nauli natoa wapi, nina kazi nyingine.

Kwanza ifuteni hiyo picha mliyonayo kichwani. Hakuna anayeweka mguu shingoni, hakuna mishumaa, hakuna udi, hakuna mziki wa filimbi. Ile mikanda ya kuvutia miguu haiingii getini na sababu mnaijua, kamba ni kamba. Mikeka ya mpira hatuna, tunatumia mablanketi yao au sakafu ikishafagiliwa, na jua likiwa kali tunajibana upande wenye kivuli cha ukuta, maana joto la Dar mwezi wa kwanza hata kukaa tu ni zoezi.

Ninachofundisha hasa ni mtu kujua mwili wake unafanya nini sasa hivi. Basi. Ila angalieni maisha ya mahabusu yalivyo. Mwili uko selo lakini yeye mwenyewe hayupo, yuko mahakama ya Kisutu anawaza tarehe ya kesi, au yuko nyumbani anawaza ada ya mtoto na kodi ya nyumba na mke kanyamaza wiki ya ngapi sijui, na kila akipelekwa mahakamani anaambiwa upelelezi haujakamilika, karandinga linamrudisha. Sasa mtu wa hivyo akanyagwe mguu usiku, mahali ambapo mmelala ubavu kwa ubavu na mkigeuka mnageuka wote, ngumi inatoka kabla yeye hajajua kama kakasirika. Akija kushtuka ana kesi ya pili. Na wengi wanakwambia hata ile ya kwanza ilikuwa hivyo hivyo, "sijui nini kilinipata dada". Mimi namjibu kilikupata kwenye taya kwanza. Taya linabana, mabega yanapanda, pumzi inakuwa juu juu, tumbo linakaza, ndo mkono unafuata. Vile vya mwanzo vinatangulia kidogo sana lakini vinatangulia, na mtu anaweza kufundishwa kuvisikia. Kazi yangu iko kwenye hako kanafasi kadogo, mengine yote ni kunyoosha viungo.

Kipindi kinaanza tumesimama migongo ukutani. Hakuna anayekaa nyuma ya mwenzake na mimi sizunguki nyuma ya mtu. Simgusi mtu kumrekebisha kama wanavyofanya studio, hata akipinda vipi, maana sijui nani alishamshika na alimshika vipi. Kila kitu nakisema kabla ya kukifanya. Macho wazi, anayetaka kufumba afumbe. Na lugha yangu yote ni "ukitaka", "ukiweza", "au baki hivyo hivyo". Mwanzoni kuna afande alinitazama kama nabembeleza watoto wachanga, pale watu wamezoea kaa chini simama. Sasa ndo penyewe. Huyu mtu kuamka anaamriwa, kula anaamriwa, kuhesabiwa na kufungiwa anaamriwa, siku nzima hana kitu anachoamua. Kwenye kipindi anaamua mkono wake ufike begani au uishie kiunoni. Kuna jamaa alisimama kafunga mikono kifuani mpaka tunamaliza, sikumsema chochote. Siku nyingine akaja tena akasimama hivyo hivyo. Baadae sana akafungua mikono na tangu hapo hakosi.

Pumzi tunaingiza kwa hesabu ya nne tunatoa kwa sita. Siwaambii watu wazuie pumzi hata kidogo, kuna watu walishakabwa. Kwa nini kutoa ndo kurefu: mapigo ya moyo yanapanda kidogo ukivuta pumzi na yanashuka ukiitoa, ni kazi ya mshipa wa fahamu unaoitwa vagasi, unatoka kwenye ubongo unapita shingoni mpaka kwenye moyo na tumbo. Ukirefusha ile ya kutoa unaupa mwili taarifa kwamba hakuna anayekukimbiza. Hii haina dini wala kabila.

Kimya hakuna. Geti linagongwa, funguo, mtu anaitwa jina, redio, ndege inapita. Nikingoja kimya sitafundisha mpaka nizeeke, kwa hiyo kelele zenyewe ndo somo: sikiliza sauti ya mbali kabisa, halafu ya karibu, halafu ya ndani ya pua yako. Mtu akikaa hapo dakika mbili bila kwenda Kisutu kichwani, amefanya kazi kubwa.

Na majina ya mikao nimebadilisha. Ule wa mwisho wa kulala chali kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, unaitwa mkao wa maiti. Ndani nina watu wa kesi za mauaji, hukumu ya kifo ipo kwenye sheria zetu hata kama haijatekelezwa tangu miaka ya 90, halafu nimwambie mtu sasa kaa kama maiti? Mimi nasema tupumzike. Ule wa shujaa wa vita nao nimeupa jina la "kusimama imara", mashujaa wa vita tunao wa kutosha mle.

Haya ulizeni.

Kijiti cha Moto

Nimewahi siti ya mbele. Dada mikeka ninayoijua mimi ni ya kubeti na yote imechanika. Halafu umejichoma mwenyewe, umesema ndege inapita, basi ni Ukonga hiyo tumeshakujua 😂

Mwana Tandika

Ndege zinapita mpaka Keko kaka, na kwako Mbagala zinapita. Endelea kutafuta.

Ustaadhi wa Yombo

Dada yangu sina ubaya ila nauliza kwa nia njema. Yoga asili yake ni ibada ya Wahindu, hili halina mjadala. Huko ndani wengi ni Waislamu na Wakristo na mtu akiwa kifungoni ni mnyonge, anashika chochote atakacholetewa. Huoni kama unaingiza watu kwenye ibada ya wengine bila wao kujua?

Mwana Tandika

Ustaadhi swali lako ni la haki na hata humo ndani niliulizwa siku ya kwanza kabisa. Wanazuoni wenyewe hawakukaa sehemu moja. Malaysia baraza la fatwa mwaka 2008 walikataza yoga yenye kuimba mantra, yale maneno ya ibada ya kurudiarudia, na kuabudu. Indonesia mwaka 2009 baraza la maulamaa wakasema yenye mantra na ibada haramu, ikiwa ni mazoezi matupu ya viungo haina shida. Saudi Arabia mwaka 2017 wakairuhusu rasmi kama mchezo, watu wanafungua studio na leseni juu. Na Wakristo wasijione wamepona, jimbo la Alabama kule Marekani walipiga marufuku yoga shule za serikali tangu 1993 wakaja kulegeza 2021 kwa masharti kwamba hakuna kuimba wala kusema namaste, ile salamu ya Kihindi.

Kwangu hakuna Om, hakuna mantra, hakuna kuunganisha viganja, hakuna kusalimia jua, hakuna sanamu. Ni mwili na pumzi. Na nawaambia wazi kabisa hii ilitoka India, sifichi, anayeona haimfai asije na hatachukuliwa mkaidi, hilo nimekubaliana na maafande tangu mwanzo maana mle ndani "hiari" inaweza kugeuka amri bila mtu kushtuka. Unyonge wa mtu wa ndani ni kweli ustaadhi, na unamhusu kila anayeingia mle kufundisha, sio mimi tu.

Bibi wa Kigango

Niongezee kwa Wakatoliki wenzangu mnaokunja sura. Kuna mtawa wa Canada, Sister Elaine MacInnes, alifundisha kutafakari kwa kukaa na kufuata pumzi kwa wafungwa wa kisiasa Ufilipino enzi za dikteta Marcos, watu walioteswa kabisa. Baadae akaenda Uingereza kuongoza Prison Phoenix Trust, shirika la Oxford lililoanza mwaka 1988, hao wanapeleka walimu wa yoga magerezani na wanaandikiana barua na wafungwa. Na utawa wake hakuuacha.

Wakili wa Ngazi za Kisutu

Nimesoma yote kwa heshima, sasa niseme lisilopendeza. Mimi ni wakili, Kisutu ndo ofisi yangu kuliko ofisi yenyewe. Wateja wangu walioko ndani hawana shida ya pumzi, wana shida ya kesi kutosikilizwa. Kifungu cha 148(5) cha Mwenendo wa Mashauri ya Jinai kinaorodhesha makosa yasiyo na dhamana, mauaji, unyang'anyi wa silaha, utakatishaji fedha na mengine, Mahakama Kuu ilikitengua 2020 na Mahakama ya Rufani ikakirudisha mwaka huo huo. Mtu anakaa ndani miaka hajakutwa na hatia yoyote. Halafu mnamletea mwalimu amfundishe kutulia. Mnamfundisha kuvumilia kitu ambacho hakutakiwa kukivumilia hata siku moja. Kuna siku mkubwa mmoja atasimama mbele ya kamera aseme mahabusu wetu wanafanya yoga, na habari ya msongamano itaishia hapo.

Kijiti cha Moto

Wakili kaja na moto. Dada jibu hilo.

Mwana Tandika

Wakili hiyo ya kamera hata mimi inanikosesha usingizi na nakwambia hapa hadharani, siku nikisikia yoga imetumika kama jibu la msongamano naacha kwenda. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa za kuwatendea wafungwa, zile za 2015, namba 23 inasema mtu apate angalau saa moja ya mazoezi nje kila siku kama hafanyi kazi za nje na hali ya hewa ikiruhusu. Hiyo ni stahili yake. Mimi siendi kugawa zawadi.

Ila kutulia na kunyamaza ni vitu viwili. Nina mtu wangu mle alikuwa kila akifika mbele ya hakimu anapandisha sauti anatolewa, hajasikilizwa. Sasa hivi anasimama anahisi miguu yake kwenye sakafu, anatoa pumzi, anasema: mheshimiwa naomba kujua upelelezi umefikia wapi, mara ya mwisho uliahirisha kwa sababu hii. Mwache huyo uone kama kavumilia kitu.

Na tazama India. Gereza la Tihar kule Delhi, afisa wa polisi mwanamke Kiran Bedi alikabidhiwa mwaka 1993, limefurika na wengi wao ni mahabusu wanaosubiri kesi, yaani hadithi yetu hii hii. Alileta kozi ya Vipassana, siku kumi za kukaa kimya na kuangalia pumzi na mwili, na mwezi wa nne 1994 wakafanya moja ya watu zaidi ya elfu moja kwa mpigo, mwalimu wao mwenyewe S.N. Goenka akaisimamia. Hiyo ndo inayosifiwa. Ambacho hakisifiwi sana ni kwamba mama huyo huyo aliweka sanduku la malalamiko linalozungushwa mabwenini, mtu anaandika shida yake linapita bila kuchujwa na nyapara. Alifanya vyote viwili. Kimoja bila kingine hata mimi sikitaki.

Wakili wa Ngazi za Kisutu

Kwenye sanduku nimekuelewa. Kwenye pumzi bado.

Nilitoka Mwezi wa Sita

Naomba nichangie mimi ambaye nimekaa ndani, sitasema wapi wala kesi gani, iliisha na nikaachiwa. Huyu dada simjui na sidhani kama ndo alikuja kwetu, kwetu alikuja mwalimu mwanaume kwa muda halafu akaacha kuja. Sisi tulikuwa tunaenda kwa sababu moja tu, ukienda unatoka nje ya selo. Nani akatae. Na tulicheka sana, watu wazima mmesimama mguu mmoja mnatetemeka, hata nyapara mwenye sauti kuliko wote alianguka, na sijui niseme vipi lakini kucheka pamoja mle ni kitu kikubwa kuliko mnavyodhani.

Kilichonisaidia ni kwenye karandinga. Mnasimama mmebanana, giza, jua limepiga bati tangu asubuhi, foleni haisogei, mnanuka jasho, mtu anatapika. Zamani nilikuwa moyo unaenda mbio mpaka nadhani nakufa. Ikawa naitafuta pumzi, naitoa polepole. Foleni ilikuwa ile ile ila sikuwa nakufa.

Ila mwanzoni kulala chali na kufumba macho kulinifanyia vibaya. Yule mwalimu alisema tufumbe wote. Nikaanza kuona ile siku nilipokamatwa na yaliyofuata, yote kama yanatokea, nikainuka nikatoka nikakaa kwenye ndoo huko nje na sikurudi wiki kadhaa. Hakuna aliyeniuliza. Dada aliposema macho wazi na hakuna kukaa nyuma ya mtu nikasema huyu anajua anachokiongea.

Dokta Nusu Kanzu

Mkuu pole sana, na ulichosema hapo mwisho kina watu wanakifanyia kazi. Mtu aliyepitia mateso, kumwambia akae kimya aangalie ndani kunaweza kumfungulia mlango ambao hana wa kumsaidia kuufunga.

Utafiti unaotajwa sana ni wa Oxford, wa akina Amy Bilderbeck na Miguel Farias, ulitoka 2013. Magereza saba ya Uingereza, watu waliojitolea wakagawanywa kwa bahati nasibu, wengine yoga wiki kumi, wengine wakasubiri. Waliofanya yoga walipungukiwa msongo, hali zao zikawa nafuu, na kwenye jaribio la kompyuta la kubonyeza kitufe na kujizuia kubonyeza walikosea kidogo kuliko wenzao. Sasa watu wanausoma kama vile ulithibitisha yoga inapunguza uhalifu. Haukupima hilo. Ulipima kitufe. Na Farias huyo huyo baadae akawa mtu wa kuonya kwamba kutafakari kuna watu kunawaumiza.

Wasweden nao 2017, watu 152, wiki kumi, kundi moja yoga na lingine mazoezi ya kawaida. Vitu vingi vikawa nafuu kwa makundi yote mawili! Yoga ilizidi kwenye kujizuia na kwenye umakini. Kwa hiyo wakili hata akipeleka mpira tu watu watapata nafuu sehemu kubwa, ila hako kanafasi ka dada ka kabla ya ngumi, kidogo kana ushahidi.

Mwana Tandika

Dokta asante, na mimi ndo maana namba za "inabadilisha maisha" sizitumii. Na mkuu uliyetoka, samahani kwa yaliyokupata kwenye kipindi. Kitu ninachofanya mtu akianza kupotea, macho yanaangalia mbali, sijui mmewahi kuona, ni kumrudisha nje na sio ndani. Bonyeza miguu chini. Shika ukuta, wa baridi au wa moto? Taja vitu vitatu unaviona. Simwambii apumue, kwa wengine pumzi yenyewe ndo inayotisha. Na kipindi kikiisha siondoki haraka, nabaki nakunja mablanketi polepole, anayetaka kuongea anakuja kusaidia kukunja. Ikiwa nzito namwelekeza kwa mtu wa ustawi wa jamii au zahanati yao, mimi sio daktari wa akili.

Mzee wa Funguo

Wajukuu zangu. Mimi ni askari magereza mstaafu, mkoa sisemi, Dar nilimalizia tu.

Mwana Tandika

Shikamoo mzee wangu.

Mzee wa Funguo

Marahaba mwanangu. Nimesoma kurasa zote. Kwanza, anayefikiria kwenda kama huyu binti, asiende na hisani yake tu mfukoni. Barua kwa mkuu wa gereza, utaeleza wewe ni nani, unafundisha nini, mara ngapi, na utasubiri. Simu unaiacha getini. Hubebi barua ya mtu, hubebi ujumbe wa mdomo, hata "mwambie mama sijambo", hata kama machozi yanamtoka. Watu wazuri wameharibu kwa hisani ndogo hiyo, kesho darasa zima linafungwa. Na usimuulize mtu kesi yake.

Pili, nimeona mnaongelea mahabusu tu. Askari je? Mimi nimehesabu watu asubuhi na jioni kwa miaka yangu yote ya kazi, hesabu isipokaa sawa hakuna anayeenda nyumbani. Unashika funguo, unafungua unafunga, unatukanwa, unatukana, unarudi kota unamkuta mtoto kamwaga uji unampiga kama mfungwa mtoro. Hayo mataya anayoyasema binti, sisi tulikuwa nayo zaidi yao. Wao walau walikuwa na siku ya kutoka. Hakuna aliyewahi kutuambia tutoe pumzi. Tuliambiwa kwata.

Mwana Tandika

Mzee umegusa. Hata Tihar askari waliingizwa nao kwenye kozi. Na mimi nimeanza mwaka huu, nusu saa kabla ya zamu na buti zikiwa miguuni, hawalali chini na hawafumbi macho, mabega na shingo na pumzi tu basi. Waliokuja kwanza ni askari wa kike. Wanaume walisimama mbali wakijifanya wanaongelea Simba na Yanga, ila wanakopi kichinichini, nawaona. Yule afande aliyenitazama kama nabembeleza sasa hivi anawaambia mahabusu "ukitaka" kwa sauti ile ile ya amri, inachekesha ila nimeiacha hivyo hivyo.

Kijiti cha Moto

Nimejaribu hiyo nne kwa sita kwenye daladala ya Rangi Tatu nimesimama, konda kaniuliza kaka unaumwa nikushushe. Ila serious dada, mtu wa kawaida anajifunza wapi bila laki za Masaki?

Mwana Tandika

Mimi nilianzia kwa Wahindi, ubalozi wao una kituo cha utamaduni hapa mjini, Swami Vivekananda, wana madarasa ya yoga, na kila tarehe 21 mwezi wa sita ni siku ya yoga duniani tangu 2015, wanafanya mazoezi ya wazi na watu wanakaribishwa. Ila kujua yoga na kujua kufundisha gerezani ni shule mbili. Marekani kuna Prison Yoga Project ya James Fox aliyeanza kufundisha gereza la San Quentin mwaka 2002, wana mafunzo kwa walimu na wana kitabu wanachowatumia wafungwa bure. Jirani hapo Nairobi kuna Africa Yoga Project tangu 2007, hao wanachukua vijana wa mitaani wanawafanya walimu, na magerezani wanaingia. Ndo njia ninayoipenda, mwalimu awe mtu wa Manzese anayejua mtu wa Manzese anaongeaje.

Mama Shaibu

Samahanini jamani mimi sio mwandishi sana. Mwanangu ana miaka kumi na sita yuko mahabusu ya watoto tangu mwezi uliopita. Nikienda kumuona haongei, anatikisa mguu tu muda wote nami naishia kulia. Hayo mazoezi naweza kumfundisha mimi?

Mwana Tandika

Mama pole sana, shikamoo. Unaweza, ila usimfundishe, fanya wewe. Ukikaa weka miguu yako yote miwili chini, toa pumzi ndefu, usimwambie tulia na usimwambie acha kutikisa mguu, ule mguu ndo unaomsaidia kwa sasa. Ukitaka tikisa na wako. Watoto wa umri huo ukiwakalisha kimya unawaonea, mimi nao tunapiga makofi ya kupokezana, tunasimama mguu mmoja tukisukumana viganja, pumzi tunaichomeka katikati bila kuitangaza. Maswali ya kesi muachie mtu wa ustawi, wewe muulize kala nini, kalala upande gani. Asipojibu kaa tu, asikie kuna mtu hajaondoka. Na ukilia, lia mama, hakuna shida, ila mwambie nalia kwa sababu nakukumbuka, la sivyo atadhani kakuumiza yeye.

Wakili wa Ngazi za Kisutu

Mama Shaibu nicheki pembeni. Huyo ni mtoto, Sheria ya Mtoto ya 2009 ina utaratibu wake, mahakama ya watoto na dhamana. Sitaki hela.

Mama Shaibu

Mungu awabariki wanangu. Wakili nakuandikia sasa hivi. Jumapili naenda kumuona, alikuwa anapenda kuchora, naweza kumpelekea daftari na penseli?

Mzee wa Funguo

Uliza mapokezi kwanza mama, kila sehemu ina utaratibu wake. Ila lisiwe la waya wa ringi, na pini za katikati zitoe kabisa ulishone kwa uzi, hapo hawatakusumbua. Na uwahi.